Sukari Iliposhuka Miguuni

Krii, krii. Kisha kimya kidogo, baba akipuliza unga wa rangi, kisha tena krii. Alikuwa amechuchumaa kibarazani na msumari wa inchi tatu, anakwaruza herufi chini ya sahani ya bati yenye maua mekundu. Mimi nilikuwa ndani nachambua maharage. Sauti ile nikiisikia mahali popote, hata kama ni mtoto tu anachezea kijiko na sufuria, mpaka leo meno yananiuma.

Alipomaliza aliigeuza akanionyesha. O. Herufi moja, imepinda upande.

"Otilia, kuanzia leo hii ndiyo sahani yako. Kikombe nacho nitakiandika. Usile kwenye vyombo vya wenzako."

"Sawa, baba," nikasema. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mzaha hata pasipofaa, nikaongeza, "Kwa hiyo nimekuwa mgeni rasmi."

Hakucheka. Mama alikuwa uani anapepeta mahindi. Nikasikia ungo umesimama.

Naandika haya sasa kwa sababu makali yamepita, na kwa sababu najua kuna binti mahali fulani, labda huko Litumbandyosi, labda Mbaha, anavuta khanga ifunike miguu yake watu wasione. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Mambo ya damu na kongosho muulize daktari, mimi nitakuambia ya miguu tu, na ya kungoja.

Sukari niliipata nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilikonda, nikawa nakunywa maji kama ng'ombe, na sisimizi wakawa wanajipanga chooni pale nilipokojoa. Hospitali wakanifundisha kujidunga sindano. Kwa kuwa nyumbani hatuna friji, mama aliweka vichupa vyangu kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji, nyuma ya mlango. Dawa ilipatikana mwezi huu, mwezi ujao hakuna. Nilizoea. Nikadhani sukari ni jambo la damu na mkojo basi. Hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kushuka miguuni na kukaa kwenye ngozi.

Mabaka yalianza mwaka ule malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalipoanza kupanda mpaka milangoni kwetu. Miaka ya ruksa. Mbinga mjini kulijaa maduka mapya na marobota ya mitumba, na mimi nilikuwa na ishirini na mbili na kichwa kilichojaa ndoto. Nilikuwa nimejifunza kushona parokiani. Nilipunguza suruali za mitumba za watu wa kijijini kwa cherehani ya kuazima, nikakanyaga pedali huku nikipanga duka langu mjini: mlango wa rangi ya kijani, kibao chenye jina langu, na dirisha la kioo ambamo gauni litakuwa linaning'inia peke yake, watu wasimame walitazame. Nilikuwa nimeshachagua hadi mahali pa kuweka kiti cha wateja.

Msimu wa kahawa sisi wasichana ndio tulioingia kwenye tangi kuosha mbegu kwa miguu baada ya kuchacha. Unakanyaga, unazungusha, utelezi wote unatoka, maji yanakuwa makali yanawasha. Kwa hiyo nilipoona doa la kwanza kwenye muundi wa mguu wa kushoto, nikasema ni maji ya kahawa. Kila mtu alisema ni maji ya kahawa. Lilikuwa na ukubwa wa shilingi, rangi ya kahawia nyekundu. Mama akanipa mafuta ya mgando.

Msimu ukaisha, doa halikuisha. Likatanuka. Likazaa mengine, na mguu wa kulia nao ukaanza. Katikati ya lile kubwa paligeuka manjano kama kiini cha yai, na ngozi ikawa nyembamba inang'aa kama ganda la ndani la kitunguu, unaona vimishipa vimejichora chini yake. Hayakuuma. Hilo ndilo lililonidanganya. Miguu yenyewe ilikauka, visigino vikapasuka, na nikawa nikitembea nahisi kama nimevaa soksi hata nikiwa peku.

Kwetu binti huwezi kumsalimia mkubwa umesimama. Unapiga magoti, unasema shikamoo, unangoja marahaba. Siku moja nilipiga magoti kwa wageni wa baba, nikainuka, mmoja akasema, "Binti, umejikata na nini, mbona damu?" Ngozi ilikuwa imefunguka kwa kusuguana na sakafu, na mimi sina habari.

Ndipo nikanunua soksi. Kwenye robota la mitumba nilipata jozi ya soksi za mpira, nailoni nzito, mistari ya njano na nyeusi, zinafika magotini. Za timu gani sijui. Nikazivaa chini ya sketi, jua liwake, mvua inyeshe. Vijana wa pale kwenye mashine ya kusaga wakaniita Golikipa.

"Golikipa, leo tunacheza na nani?"

"Na nyinyi. Na mnafungwa tatu."

Wanacheka, nacheka, napita. Nikishafika nyumbani navua, nakuta mpira wa juu umeacha mfereji kwenye nyama.

Shangazi Fridolina, dada yake baba, ndiye aliyetia neno. Alikuja kututembelea, akaniona naosha miguu. Jioni akaniita nikae naye kibarazani, akanionyesha kuku.

"Oti, hebu tazama yule jogoo, ana kucha gani ile?"

Nikatazama jogoo. Nilipogeuka, pini ya shangazi ilikuwa imesimama kwenye kidole changu cha mguu, imeingia nusu. Sikuwa nimehisi chochote. Yeye alikuwa ananitazama usoni, machozi yanamlengalenga.

"Ni ukoma, kaka," alimwambia baba. "Mabaka, na hasikii. Ulimwona baba mdogo. Si alianza hivi hivi?"

Baba mdogo wa baba yangu alichukuliwa zamani kupelekwa kwenye kambi ya wakoma kule ziwani, baba akiwa mtoto. Hakurudi. Baba hakuwahi kutusimulia habari zake. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba alikuwepo. Kesho yake asubuhi ndiyo nikasikia msumari.

Sitaki mtu amchukie baba. Alikuwa anaogopa. Mdogo wangu Editha alikatazwa kulala nami, nikahamishiwa kibanda cha jiko. Editha alikuwa anasimama mlangoni ananisimulia habari za shule huku anachora chini kwa kidole cha mguu, haingii. Usiku nilisikia baba na mama wakibishana kwa Kimatengo, sauti za chini.

"Hata kama ni ukoma, Baba Oti, siku hizi wanatibu. Ni vidonge."

"Nikimpeleka, watu watajua. Wadogo zake atawaoa nani?"

"Na asipopelekwa?"

Nikasikia baba akifunga mlango. Kwa kuwa sikupelekwa hospitali yoyote, na dawa ya sukari nayo ilikuwa inatoka hospitali, chungu cha nyuma ya mlango kikabaki na mchanga na kichupa kimoja, nikawa nakidonoadonoa.

Ukaja mwezi wa sita. Asiyeijua baridi ya milima yetu asinihukumu. Alasiri moja nilirudi kutoka kuchuma kahawa, manyunyu yameniloanisha, ukungu umefunika mpaka ngolo, yale mashimo tunayolimia miteremkoni, huwezi kuyaona. Nikakoka moto, nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha miguu na soksi zangu kukaribia makaa, nikafumba macho nikawaza lile gauni la dirishani. Nililitia kola nyeupe.

Mama akaingia na kuni. "Nani anachoma plastiki humu?"

Nikanusa. Nikatazama. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imeyeyuka kwenye vidole, inatoa moshi mweusi, na mimi nimetulia kama mtu anayesikiliza mahubiri. Mama alitupa kuni akanivuta kwa makwapa. Ndugu msomaji, nailoni ikiyeyuka inashikana na ngozi. Tulipoivua ilitoka na ngozi.

Lengelenge, kisha kidonda. Shangazi akaleta majani ya kuponda, tukabandika. Mwezi wa saba, mwezi wa nane. Kahawa ikaanikwa, ikauzwa, mimi nimekaa jikoni nafukuza nzi. Harufu nilianza kuisikia kabla ya wengine, nikadhani panya amekufa kwenye dari.

Siku moja asubuhi mama alinifunga khanga mbili mguuni, akamwambia baba, "Nakwenda ziwani kutafuta usipa." Usipa ni dagaa wa kwetu. Baba alitazama mguu, akatazama mama. Alijua. Akatoa koti lake refu la mtumba, akalitupa begani kwangu, akaenda shambani bila kugeuka.

Tuliteremka juu ya lori tupu lililokuwa linafuata samaki. Barabara ile ya kushukia ziwani inakukunja tumbo. Kila kona nilikuwa natapika, na kila nikiinua kichwa ziwa linakuwa kubwa zaidi. Mama alinishika kiuno njia nzima. Alinishika yeye peke yake miezi ile yote.

Hospitali ya misheni tuliikuta imejaa. Kuna benchi refu la saruji nje ya chumba cha mganga, na watu wamebanana. Nilipokaa, mwanamke wa kwanza akasogea. Akasogea na wa pili. Mwisho benchi zima la watu likawa upande mmoja, mimi na mama upande wetu, katikati pamebaki nafasi ya kukaa watu watatu, na kuna wazee wamesimama. Tukangoja tangu saa tano hadi saa kumi. Mama akatoa kiporo cha ugali, nikakataa.

Aliyeniita alikuwa muuguzi wa makamo, Sista Blandina, na viatu vyake vinalia kwenye sakafu. Akafungua khanga. Nikageuza uso ukutani nisione anavyokunja pua. Nikahisi kitu kwenye goti. Ulikuwa mkono wake. Mtupu, hauna glavu, umekaa tu juu ya mabaka yangu huku anaongea na mama. Nililia pale mpaka kamasi, na yeye akadhani ananiumiza.

"Una ugonjwa gani mwingine, mwanangu?"

"Sukari, sista. Lakini hii siyo. Hii ni ukoma."

"Nani kakwambia?"

"Shangazi yangu. Na pini."

Walichukua mkojo wangu wakauchemsha kwenye kichupa na maji ya bluu; ukageuka rangi ya tofali la kuchoma. Daktari akaja, akabonyeza hapa na pale, akachunguza masikio, mikono, mishipa ya kiwiko, akasema, "Huu si ukoma. Hii yote ni sukari yako." Yote: mabaka, ukavu, kutosikia, kidonda. Mama akakaa chini sakafuni, khanga mdomoni. Sijui kama alikuwa anafurahi. Maana daktari hakuishia hapo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi.

Sista Blandina akachukua dawa ile ya zambarau, akachovya kijiti, akachora mstari kuzunguka mguu wangu, kidogo tu nyuma ya vidole.

"Weusi ukibaki mbele ya mstari, tutapoteza vidole," daktari alisema. "Ukivuka, nitakata hapa." Akagusa chini ya goti.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Akasema, "Tutaona." Neno hilo nililichukia.

Wodini kitanda cha jirani alikuwepo Bibi Eda wa Mbaha, mama wa wavuvi. Sukari ilishamchukua mguu wa kulia kabla sijafika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu. Wa milimani wewe, nimeijua hiyo shikamoo ya baridi. Samahani siwezi kukupa mguu wa salamu. Wangu umetangulia mbinguni, unanishikia nafasi."

Siku kwangu zilihesabika kwa sindano ya asubuhi, kuosha kidonda, sindano ya jioni. Kidonda walikiosha kwa maji ya chumvi, kisha wakakipaka asali. Asali. Nilicheka mpaka sista akanigombeza: mtu ana sukari, mnampaka asali. Bibi Eda akasema, "Usilambe tu." Vicheko vyetu vilikuwa hivyo, vifupi. Muda mwingi ilikuwa kutazama dari na kusikia wodi ya pili wanalia msiba.

Kila asubuhi, kabla ya kufumbua macho vizuri, nilijipinda nikatazama mstari. Nilijifunza kuutazama kama watu wanavyotazama mawingu. Wiki ya pili weusi ulisogea. Wiki ya tatu ukagusa zambarau upande wa nje. Siku hiyo sikula. Nikaona duka langu lina mlango wa kijani na ndani hamna mtu. Wiki ya nne ukasimama. Sista akapitisha kijiti upya juu ya ule ule mstari uliofifia, mkono wake umetulia, nikapumua.

Niseme hapa ninachotaka ukikumbuke, wewe mwenye khanga ndefu. Miguu yako itazame kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Huwezi kuinama, mpe mtu kioo akusaidie. Pima joto la maji kwa kiwiko, usipime kwa mguu. Ingiza mkono kwenye kiatu kabla ya kukivaa. Moto ukae mbali nao, hata kama meno yanagongana. Usivae kitu cha kubana. Doa lisilouma lionyeshe hospitali, tena mapema, na ukishuku ukoma ndiyo kwanza uende, kwa kuwa nao unatibika. Na kama ni wewe unayemuuguza mtu, mshike. Sukari haiambukizi.

Mvua za kwanza zikaanguka, ikabidi mama aondoke, mashamba yalikuwa yanangoja na Editha alikuwa na homa. Ilipangwa baba aje kwa siku ya kukatwa. Siku ikafika, mvua ikawa imemega barabara kule milimani, malori yamekwama. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa mwenyewe, halafu nikakumbuka kwamba najua kuandika, nikaandika na jina.

Baba alikuja baadaye, wiki mbili zimepita, kwa miguu sehemu kubwa. Namtaja sasa nisije nikamwacha vibaya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaomba kuuona mguu, akaupakata mapajani kama mtu amepakata mtoto mchanga. Kisha akasema, "Yule baba mdogo alikuwa ananibeba mabegani," basi. Mpaka leo hajaongeza neno, na mimi sijamdai.

Lakini siku ya kukatwa hakuwepo, wala kesho yake. Niliamka na bandeji kubwa. Mguu upo. Muundi upo na mabaka yake yote, kisigino kipo. Vidole viwili havipo. Nilipaswa kushukuru, na nilishukuru, ila kifua kilikuwa kizito kama mtu aliyetoka mazikoni.

Bibi Eda alikuwa ananitazama. "Umeuliza wameviweka wapi?"

"Viko wapi?"

"Mimi sikuuliza. Wanangu walikuwa ziwani, hakukuwa na wa kuuchukua, wakautupa wenyewe kwenye shimo lao. Sasa nikilala najiuliza uko upande gani. Mambo ya kijinga, lakini ndiyo ninayoyawaza."

Nikamwita Sista Blandina. Nikamwambia navitaka. Akasema kazi hiyo ni ya ndugu, ningoje ndugu. Nikasema ndugu wamekwama barabarani na mimi pia ni ndugu yao. Alifikiri, akaenda, akarudi na kiboksi cha glavu, ndani kuna shashi imefungwa.

Siku ya tatu, saa ya kutazama wagonjwa, wodi ilipojaa wageni na vikapu, nikatoka na magongo. Hakuna aliyenisindikiza. Nyuma ya jengo kuna mchanga mgumu uliolowa mvua, unateremka mpaka kwenye mawe na maji. Nikakaa chini, mguu nimeunyoosha, nikachimba kwa kijiko cha uji. Nilichimba mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko, mbwa wasije wakafukua. Nikaweka kiboksi. Nikatafuta sala, zote nilizozijua zilikuwa za mtu mzima aliyekufa, kwa hiyo nikanyamaza tu. Nikafukia, nikashindilia kwa viganja, nikaburuta jiwe bapa nikaliweka juu. Halafu nikashika magongo nikainuka, nikauweka mguu wa kushoto chini. Kisigino tu, kama nilivyoruhusiwa.